Dawa Isiyomgusa Nyuki

Nyuki kibarua anapotafuna kifuniko cha nta na kuchomoza kutoka kwenye sega, utumbo wake huwa karibu hauna bakteria. Wanaomfaa huwapata kwa wenzake, kwa kugusana nao na kupita walipopita, na baada ya siku chache tu utumbo huwa umejaa. Si bakteria wowote: ni jamii chache zilezile, zinazoishi na nyuki kizazi hata kizazi. Snodgrassella alvi hutanda ukutani mwa utumbo, na Gilliamella huketi juu yake akimeng'enya maganda ya chavua. Kijidudu cha maradhi kikiingia, hukuta mahali pana wenyewe.

Wenyewe hao ndio waliosahauliwa. Glaifosati, dawa ya magugu iliyojaa hata kwenye maduka yetu ya pembejeo, huua mmea kwa kuzuia kimeng'enya ambacho mnyama hana; ikachukuliwa kwamba nyuki haimdhuru. Lakini bakteria wengi wanacho. Mwaka 2018 Erick Motta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwalisha nyuki maji ya sukari yenye dawa hiyo, wakawapaka alama za rangi mgongoni na kuwarudisha mzingani. Walipowapima tena, Snodgrassella alikuwa amepungua. Maabara ilionyesha maana yake: nyuki wachanga walioambukizwa bakteria wa Serratia bila kulishwa dawa, karibu nusu walikuwa hai siku ya nane, waliolishwa, takriban mmoja kati ya kumi. Kwa Motta, miongozo inayodhani nyuki hawadhuriki haifai tena.

Watetezi wa dawa husema vipimo vya maabara si vya shambani. Hoja ina uzito, na nyongeza zipo: waliorudishwa mzingani walionekana tena chini ya mmoja kati ya watano, na baadhi ya bakteria wa nyuki huistahimili dawa. Motta mwenyewe hasemi kwamba glaifosati peke yake ndiyo inayomaliza mizinga. Hata hivyo, hakuna kati ya hayo linalotetea namna ya kupima usalama wa dawa kwa nyuki. Ukihesabu nyuki wanaokufa mara tu baada ya kuguswa na dawa, hutamwona anayekufa wiki ya pili kwa ugonjwa ambao angeuhimili. Na dawa ikiingia mzingani pamoja na nekta, wachanga wa msimu huo watarithi nini?

Mkulima aliyekosa vibarua hawezi kuambiwa arudi kwenye jembe, na Motta haombi hivyo. Anaomba mimea iliyochanua isipulizwe. Nami naongeza: mamlaka za viuatilifu zidai kipimo cha utumbo kabla ya kuruhusu lebo iseme dawa ni salama kwa nyuki.