Pikapu ya Mazutu Ikikataa Kuwaka Alfajiri



Pikapu ikikataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri, zamu nzima huchelewa, na lawama humwangukia dereva. Mara nyingine huamriwa pampu ya mazutu ifunguliwe kwa gharama kubwa, kumbe ubovu ni waya wa betri uliolegea. Twaeleza hapa namna ya kuutafuta ubovu kwa utaratibu, tukianza na lililo rahisi.

Injini ya mazutu haiwashwi kwa cheche. Pistoni hubana hewa ndani ya silinda mpaka joto lake lipite nyuzi 500. Nozeli ikinyunyiza mazutu humo, yanawaka yenyewe. Basi yatakiwa mambo matatu: injini izunguke kwa kasi, hewa ipate joto, na mazutu safi yafike bila upepo. Likikosekana moja, gari haliwaki. Zungusheni stata huku mwenzenu akitazama moshi.

1. Injini yazunguka polepole. Ubovu huu kwa kawaida ni wa umeme. Safisheni vichwa vya betri, kazeni nyaya, pamoja na ule unaounga betri na mwili wa injini. Betri iliyojaa hupima volti 12.6 hivi, ikipima 12.2 imebaki kama nusu.

2. Yazunguka vizuri, yatoa moshi mweupe, haiwaki. Mazutu yanafika lakini hayaungui. Tazameni plagi za kupasha joto. Bujumbura, kando ya ziwa, mita 800 hivi, injini yaweza kuwaka hata kama baadhi ya plagi zimekufa. Gari hilo hilo likilala kwenye mashamba ya chai ya Teza au Rwegura, juu ya mita 2,000, litakataa, kwa kuwa alfajiri ya huko ni ya baridi na hewa ni nyepesi. Ondoeni bamba linalounganisha plagi. Fungeni waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, na wa pili gusisheni kichwa cha kila plagi. Plagi nzima huwasha taa, iliyokufa haiwashi. Mpya ziwe za volti ileile. Zikiwa nzima zote, hakikisheni umeme unazifikia. Ukifika, na gari bado lakataa, huenda silinda zimechakaa: hiyo ni kazi ya fundi.

3. Hakuna moshi kabisa. Mazutu hayafiki. Mkifungua swichi, sikilizeni mlio mdogo wa kizimio cha umeme kwenye pampu. Pasipo mlio, tazameni waya wake. Kisha bonyezeni pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu. Injini ikiwaka mara moja, upepo uliingia usiku kwa mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Mwisho, legezeni skrubu ya chini ya chujio, maji yatoke. Wakati wa uhaba mkubwa wa mafuta, wengi walinunua mazutu ya vibidoni, na vibidoni huingia maji na uchafu.

Jihadharini. Msipulize dawa ya etha kwenye injini yenye plagi za joto. Yaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Msiwashe moto chini ya injini. Msiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza: mazutu hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku ile ile.

Dereva na aandike ubovu katika daftari la gari, siku na saa, na msimamizi atie sahihi. Lililoandikwa halikataliki. Gari likipelekwa kwa mafundi wa Buyenzi, waelezeni mlichokwisha kupima, wasianze kufungua kisichokuwa kibovu. Na chujio lililoombwa kwa maandishi lisiponunuliwa, kuchelewa kwa zamu si kosa la dereva.