Je, Mkristo Anaweza Kuwa Scientology Bila Kuacha Kanisa Lake?

Haya wadau, leo tuongelee hii kitu inaitwa Scientology. Kila Tom Cruise au John Travolta akitoa filamu, swali linarudi: hivi hii ni dini? Na Mkristo akijiunga, anavunja imani yake?

Wenyewe wanajibu kwamba huna haja ya kuacha dini yako. Ukiwa Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu, karibu tu. Na kweli, mwaka 2010 Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam kule Marekani, aliwahimiza wafuasi wake wasome mafunzo yao. Lakini kukaribishwa mlangoni ni jambo moja, na kinachofundishwa ndani ni jambo lingine. Tuangalie.

Mwanzilishi ni L. Ron Hubbard (1911–1986), Mmarekani aliyekuwa akiandika hadithi za kubuni za sayansi. Mwaka 1950 alitoa kitabu cha Dianetics, na baada ya miaka michache likasajiliwa kanisa. Wana ibada ya Jumapili, wana wachungaji, na wana msalaba. Ila msalaba wao una ncha nane, na hauhusu Golgotha. Unawakilisha sehemu nane za maisha, kuanzia mtu binafsi hadi Mungu au umilele.

Sasa tofauti zenyewe:

1. WEWE NI NANI? Kwao wewe ni thetani, yaani roho isiyokufa ambayo imeishi katika miili mingi. Mkristo anaamini mtu ameumbwa na Mungu, anakufa mara moja kisha hukumu (soma Waebrania 9:27).

2. TATIZO NI NINI? Kwa Mkristo ni dhambi. Kwao ni majeraha ya zamani yaliyojificha akilini, hata ya maisha yaliyopita.

3. DAWA NI NINI? Kwao ni vikao vya oditingi. Unaulizwa maswali huku umeshika kimashine kinachoitwa E-meter, na unapanda ngazi moja baada ya nyingine. Vikao hivyo vina malipo. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilisema malipo hayo si sadaka ya hiari, kwani mtu analipa ili apate huduma. Kwa Mkristo wokovu ni neema, haununuliwi (Waefeso 2:8-9). Na kabla hatujacheka, tukumbuke hata kwetu kuna wanaouza maji na mafuta ya upako!

Kinachonitatiza zaidi ni usiri. Mafundisho ya ngazi za juu hupewi mwanzoni. Mwaka 1985 nyaraka zilizofika mahakamani Los Angeles zilifichua habari za Xenu, mtawala wa sayari nyingi wa miaka milioni 75 iliyopita. Sasa utasemaje imani mbili zinapatana wakati moja hujaonyeshwa yote? Katekisimu ya kanisa lako unaweza kuisoma yote kabla hujabatizwa.

Wengine watasema mbona serikali zinaitambua? Ni kweli, Marekani iliipa msamaha wa kodi mwaka 1993. Ufaransa nayo iliitia hatiani kwa ulaghai mwaka 2009. Lakini serikali haiamui kama imani mbili zinaendana. Hata Uislamu na Uhindu zinatambuliwa, na hakuna anayesema ni Ukristo.

Kwa hiyo jibu langu ni HAPANA. Kukaa kikao kimoja hakukufanyi uache kuwa Mkristo, lakini ukiyaamini mafundisho yenyewe, kazi ya Yesu msalabani inabaki haina nafasi.

Angalizo kwenu mnaokaa kafe: ukikuta kwenye intaneti mtihani wa bure wa tabia wenye maswali 200, unaitwa Oxford Capacity Analysis, ujue ni wao, na Chuo Kikuu cha Oxford hakihusiki. Kabla hujajaza jina na namba ya simu, jua unampa nani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye hoja tofauti aiweke, ila matusi hapana!