Mkunazi Si wa Maiti Pekee

Ukiuliza katika nyumba nyingi za Pwani majani ya mkunazi yana kazi gani, jawabu litakuja kwa sauti ya chini: ni ya kuoshea maiti. Huchumwa siku ya msiba, hutwangwa kwa haraka, hutiwa katika maji ya josho, kisha husahauliwa mpaka msiba mwingine utokee. Wako hata wanawake wasiopenda yaguse vichwa vyao wakiwa hai, wakiona kuwa ni kujitakia nuhusi. Twaona yafaa fikra hii irekebishwe, kwani kwa kuiacha ienee tunajinyima neema iliyo karibu nasi, isiyo na gharama, na yenye asili katika mafunzo ya dini yetu.

Hadithi tunayoikumbuka zaidi ni ile ya Umm Atiyya (R.A.), ambaye pamoja na wenzake aliagizwa na Mtume (S.A.W.) amwoshe binti yake aliyefariki kwa maji na mkunazi, na mwisho watie kafuri. Lakini katika Sahihi Muslim imepokewa pia kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Asmaa alimwuliza Mtume (S.A.W.) namna ya kujitwaharisha baada ya hedhi. Alifundishwa achukue maji na mkunazi, ajisafishe vyema, kisha amimine maji kichwani na kusugua kwa nguvu mpaka yafike kwenye mashina ya nywele. Naye Qays bin Asim aliposilimu aliamrishwa aoge kwa maji na mkunazi. Huyu mmoja ni mwanamke anayerejea katika Sala yake, na yule ni mwanamume anayeanza maisha mapya. Basi maiti alikirimiwa kwa kile ambacho wahai walikuwa wakijisafishia. Si kwamba wahai wamechukua kitu cha maiti.

Mti wenyewe umetajwa katika Qur'ani Tukufu, katika Sura Saba', An-Najm na Al-Waqi'a, kwa jina la sidri. Msidri wa Arabuni na mkunazi wetu wa Pwani ni miti ya ukoo mmoja. Majani yake yana kitu ambacho wataalamu hukiita saponini, nacho hutoa povu yakitwangwa na kukorogwa katika maji. Povu hilo hushika vumbi, jasho na mafuta yaliyoganda, yakaondoka pamoja na maji.

Hapa pana faida ambayo watu wa visiwani na mijini kwetu wataielewa upesi. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake huwa na chokaa nyingi, mara nyingine na chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo haitoi povu, bali hugeuka utando mweupe unaong'ang'ania nywele na kuziacha ngumu, zimefifia, kama hazikuoshwa. Saponini haigandi na chokaa namna hiyo. Ndiyo maana mkunazi waweza kukufaa hata siku ambayo mfereji umekauka na maji yaliyopo ni ya kisima tu.

Ama namna ya kuutengeneza ni nyepesi. Omba ruhusa kwa mwenye mti, kisha uchume majani mabichi yasiyo na madoa, ukijihadhari na miiba. Yaoshe, uyaanike kivulini mpaka yavunjike mkononi, uyatwange kinuni na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi. Unga huo uweke katika chupa kavu yenye kifuniko, kwani hewa yetu ya Pwani ina unyevu na huuotesha ukungu upesi. Siku ya kuosha kichwa, chukua vijiko 3 vya mezani, utie katika vikombe 2 vya maji ya vuguvugu, ukoroge mpaka povu litokee, uache kwa dakika 15, kisha uchuje. Asiye na unga atwange konzi mbili za majani mabichi kwa maji hayo hayo.

Lowesha nywele kwanza, umimine maji ya mkunazi kidogo kidogo, na ukande ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, wala si kwa kucha. Funga macho, kwani yakiingia huwasha. Mwenye nywele zilizojaa mafuta arudie mara ya pili. Kisha suuza mpaka maji yatoke meupe, uchane kwa chanuo lenye meno mapana kuanzia nchani, na uziache zikauke kabisa kabla ya kujifunga mtandio. Nywele mbichi zikifunikwa siku nzima huleta harufu na miwasho, na lawama ikaenda kwa mkunazi bure. Kwa wengi mara moja kwa wiki inatosha. Maji yaliyobaki yamwagwe, yasiwekwe mpaka kesho.

Lipo jambo la fiqhi ambalo hapana budi kulitaja. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Pwani, maji yaliyobadilika sana kwa kuchanganyika na majani husafisha uchafu lakini hayaondoi hadathi. Kwa hivyo anayeoga janaba au kutoka katika hedhi atumie mkunazi kwanza kwa usafi, kisha ajimiminie maji matupu kwa nia ya josho, mpaka yaenee mwili wote na yafike mashina ya nywele. Ama misuko, ikiwa maji yanapenya ndani yake si lazima kuifumua, na ikiwa hayapenyi basi ifumuliwe.

Mkunazi una wenzake jikoni. Mafuta ya nazi yakipakwa usiku wa kuamkia kuosha huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kukatika wakati wa kusuguliwa. Mshubiri hupoza ngozi iliyokauka. Lakini si kila cha jikoni ni salama. Magadi, ambayo wengine huyasifu, ni makali mno kwa kichwa, kwani ngozi yake ina uchachu kidogo, na magadi huiharibu hali hiyo na kuparuza nywele. Ndimu isipakwe bila kuchanganywa na maji mengi, wala mtu asitoke juani nayo ikiwa ingali kwenye ngozi, kwani huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi. Na kila kipya kijaribiwe kwanza ndani ya mkono, ikangojwa siku moja.

Vile vile tusiubebeshe mkunazi mzigo usio wake. Mtoto mwenye mapunye hatapona kwa majani. Ugonjwa huo huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, na kadiri anavyocheleweshwa ndivyo anavyowaambukiza ndugu zake kwa chanuo na mto. Mama ambaye nywele zake zinang'oka kwa mafungu, au zinaacha upara wa duara, naye aende hospitali, asishinde akibadilisha majani.

Wala hatusemi shampuu ni haramu. Neno lenyewe limetoka Kihindi, likiwa na maana ya kukanda, na Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, ndiye aliyelifanya lijulikane Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 katika nyumba yake ya kuogea mjini Brighton, ambako watu walikandwa mwili. Anayeweza kununua chupa na ikamfaa, anunue. Tunalolikataa ni ile dhana kwamba asiyekuwa nayo hana la kujisafishia, mpaka mama akapunguza unga wa watoto ili anunue povu, hali mti umesimama nyuma ya nyumba.

Twawausia akina mama wawafundishe mabinti zao kazi hii wangali wadogo: kuchuma, kutwanga, kuchuja, na kuoshana vichwa uani. Bibi zetu wanaoijua wanatutoka mmoja mmoja. Itakapofika siku ya msiba, na binti akaambiwa alete majani ya mkunazi, asiyaogope. Awe anayajua tangu utotoni, kwa harufu yake na povu lake, kama kitu ambacho mama yake alimwoshea kichwa. Wallahu a'lam.