Taa ya Baraka na Fizi

Mshumaa mmoja waweza kuwasha mia, na moto wake haupungui. Ndivyo ilivyo imani: anayewagawia wengine hapungukiwi, bali anayeificha huizima.

Ukishuka kutoka milima ya Bibokoboko, utafika Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Hapo walikaa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, Wasaveri kutoka Italia. Huko Fizi walikuwapo Padri Giovanni Didonè, Msaveri pia, na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo.

Mwaka 1964 vita vya waasi viliingia. Walijua hatari, lakini hawakuwaacha watu wao. Tarehe 28 Novemba, Bruda Vittorio alipigwa risasi. Padri Luigi akapiga magoti karibu na mwili wa nduguye, naye akauawa. Siku ile ile mapadri wawili wa Fizi waliuawa pia.

Je, mwanga ulizimika? Sivyo. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Mtoto Mkristo hangoji vita ili aangaze. Humsamehe aliyemkosea, humsaidia jirani wa kabila lingine, husema kweli. Hapo taa yake huonekana.