Machozi ya Mbwa: Tuangalie Kabla ya Kufuta



Tulipotembelea kikundi kimoja cha mwethya, mama mmoja alituuliza: "Mbwa wetu mweupe ana mistari ya kahawia kutoka machoni hadi puani. Mtoto humfuta kila jioni lakini haitoki. Tufanye nini?" Nasi tukamwuliza: mbwa huyo amechanjwa? Akasema bado. Ndipo tukaona tuwaandikie wote.

Mistari hiyo ni nini?

Machozi ya mbwa yana rangi fulani inayotokana na chembe za damu zilizochakaa. Yakimwagika kila siku, rangi hubaki kwenye manyoya, na kwa mbwa mweupe huonekana sana. Alama yenyewe si ugonjwa. Ni kama moshi juu ya nyumba: huenda mama anapika, huenda nyumba inaungua. Lazima uende ukaone.

Mambo ya kawaida ni haya: vumbi la kiangazi, moshi wa jikoni, nzi, mbegu ya nyasi iliyoingia jichoni, au utomvu wa manyara tunayopanda kwenye ua. Kuna pia swila, nyoka anayetema sumu machoni. Ikiwa ni utomvu au sumu ya nyoka, mwagieni jicho maji mengi safi palepale, kwa dakika 15 au zaidi, halafu mtafuteni daktari wa mifugo.

Jinsi ya kusafisha

Mbwa akiwa mchangamfu, anakula, na jicho ni angavu, mtu mzima afanye hivi:

1. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, kisichojaa. Acha yapoe kabisa.
2. Lowesha pamba au kitambaa safi. Futa kutoka pembe ya ndani ya jicho kwenda nje. Kila jicho na pamba yake.
3. Kausha manyoya, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Rangi ya zamani haitatoka kwa siku moja. Manyoya mapya yatakuja meupe kama chanzo kimeondoka. Msitie tumbaku, majivu wala mafuta. Dawa ya macho ya watu pia msitie bila kuuliza, maana nyingine huharibu jicho lenye kidonda. Jicho likiwa jekundu, limefumba au lina ukungu, muoneni daktari wa mifugo.

Wakati wa kutomshika mbwa

Uchafu mzito wa manjano machoni na puani, pamoja na kikohozi, kuhara na kukataa chakula, huenda ni distempa. Ugonjwa huu hauwapati watu, lakini huua mbwa, na mwishowe huingia kwenye ubongo. Hapo si rahisi kuutofautisha na kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate mengi, anayeuma ovyo, au ambaye taya limelegea, asiguswe na mtu. Wengi hudhani ameshikwa na mfupa kooni, wakatia mkono mdomoni. Mate ya mbwa mwenye kichaa yakiingia kwenye jeraha, mkwaruzo, jicho au mdomo wa mtu, yanaweza kumwambukiza. Mfungieni ndani kama mnaweza bila kumshika, waondoeni watoto, mwiteni afisa wa mifugo.

Aliyeumwa au kulambwa kwenye jeraha aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na amalize sindano zote. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hufa. Msingoje.

Kazi ya kikundi

Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Kitui na Makueni zilikuwa kati ya kaunti 5 za kuanzia. Ili ugonjwa usienee, mbwa 7 kati ya kila 10 wawe wamechanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kijiji chenye mbwa 40 kinahitaji angalau 28. Mtu mmoja hawezi peke yake, lakini mwethya ambao umechimba mabwawa na matuta utashindwaje na hili?

Yule mama tulimwambia hivi: mtoto aache kwanza kumfuta, mbwa achanjwe, kisha mtu mzima amsafishe.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano:

1. Kijijini kwetu kuna mbwa wangapi? Waliochanjwa mwaka huu ni wangapi?
2. Nani atamwona afisa wa mifugo kupanga siku ya chanjo, na chifu atangaze barazani?
3. Watoto wetu wanajua la kufanya wakiumwa?

Kazi njema.