Karatasi Zinazoiongoza Ndege

Jioni ya tarehe 23 Julai 1983, ndege ya abiria aina ya Boeing 767, mali ya shirika la Air Canada, ilikuwa ikiruka kutoka Ottawa kwenda Edmonton. Ndani yake walikuwamo watu 69, yaani abiria 61 na wafanyakazi 8. Ilipokuwa katika kimo cha futi 41,000, ambazo ni kama meta 12,500, injini ya kushoto ilizimika. Muda si mrefu ya kulia nayo ikazimika. Ndege ilikuwa mpya, na injini zake hazikuwa na kasoro yoyote. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Rubani mkuu, Robert Pearson, alikuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizokuwa na injini. Rubani msaidizi, Maurice Quintal, alipata kutumika katika kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, katika jimbo la Manitoba. Kwa ujuzi wa hao wawili ndege ile nzito ilielea hewani kwa muda wa dakika 17 hivi, ikatua Gimli. Mguu wake wa mbele ulikunjika, watu wachache wakapata majeraha madogo, wala hakuna aliyekufa.

Swali linalomkabili msomaji ni hili: shirika kubwa, lenye mafundi na marubani hodari, liliwezaje kuipeleka angani ndege yenye mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika? Jibu halimo katika injini wala katika mabawa. Limo katika karatasi. Ili kulielewa, hapana budi kwanza kujua jinsi safari ya ndege inavyosimamiwa kabla gurudumu halijaondoka ardhini.

Ofisi Isiyoonekana na Abiria

Msingi wa taratibu hizi ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake makuu yako Montreal. Mkataba huo una viambatisho kadhaa, na Kiambatisho cha 6, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1948, ndicho kinachoeleza wajibu wa mwenye kuendesha ndege. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, nazo zimetunga kanuni zao kwa kufuata viwango hivyo. Shirika halipewi cheti cha kubeba abiria kwa sababu tu lina ndege na marubani. Hapana budi lioneshe kwamba lina njia ya kusimamia safari zake: kitabu cha maongozi ya kazi, watu waliofunzwa, na kumbukumbu ambazo mkaguzi wa serikali aweza kuzifungua akasoma.

Katika mashirika mengi kazi ya kusimamia hufanywa na ofisi moja inayokesha usiku na mchana. Ndani yake hukaa msimamizi wa safari, mtu ambaye abiria hamwoni kamwe. Yeye si rubani, lakini hapana budi ajue hali ya hewa, urambazaji, uzito wa ndege na sheria za anga. Katika Marekani sheria humfanya yeye na rubani mkuu wawe na wajibu wa pamoja katika kuipanga safari na kuiruhusu iondoke. Mmoja wao asiporidhika, ndege haiondoki. Kwingineko rubani huachiwa uamuzi wa mwisho, na msimamizi humsaidia. Kwa vyovyote kanuni ni moja: uamuzi wa kuruka usitegemee kichwa cha mtu mmoja.

Chukua mfano wa ndege ya jeti inayokwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam. Msimamizi huanza kwa kusoma utabiri wa hali ya hewa, nguvu na mwelekeo wa upepo wa juu, na matangazo ya viwanja. Kisha hupanga njia na kimo, na kukokotoa mafuta. Hesabu ya mafuta haiishii kwenye yale ya kufika Mwanza. Huongezwa akiba kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa, kwa kawaida asilimia 5 ya mafuta ya safari. Huongezwa tena mafuta ya kutoka Mwanza hadi kiwanja kingine, tuseme Kilimanjaro, ikiwa mvua ya Ziwa itazuia kutua. Juu ya hayo yote huwekwa akiba ya mwisho isiyopaswa kuguswa: mafuta ya kuzunguka hewani dakika 30 katika kimo cha meta 450 juu ya kiwanja. Rubani ambaye hesabu yamwonesha kwamba atatua akiwa ameigusa akiba hiyo hana hiari. Hapana budi atangaze hali ya hatari.

Mafuta nayo yana uzito, na uzito una mipaka. Uwanja wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mabawa hupata msukumo mdogo wa kuinuka na injini hupungukiwa nguvu. Ndege ile ile, kwa urefu ule ule wa njia ya kurukia, yaweza kulazimika kubeba mzigo mdogo zaidi ikiondokea Nairobi kuliko ikiondokea pwani. Ndiyo maana hutayarishwa hati ya uzito, inayoonesha abiria, mizigo na mafuta, na mahali ulipoangukia uwiano wa uzito wote huo. Mzigo ukizidi nyuma, pua ya ndege huelekea kuinuka kupita kiasi. Ukizidi mbele, huwa vigumu kuinuka.

Rubani hupokea karatasi zote hizo, huzikagua na kuzitia saini. Nakala hubaki ofisini. Sahihi hiyo yaonekana kuwa jambo dogo, lakini maana yake ni kwamba mtu wa pili amezitazama tarakimu za mtu wa kwanza.

Kumbukumbu Zitunzwazo

Kila ndege husafiri na kitabu chake cha safari. Huandikwa humo tarehe, majina ya marubani na kazi zao, mahali na saa ya kuondoka na kufika, muda wa kuruka, na tukio lolote la kutajwa. Kiambatisho cha 6 kinashauri kwamba maandishi yafanywe papo hapo, kwa wino au kwa kalamu isiyofutika, na kwamba kumbukumbu za miezi 6 iliyopita zipatikane. Mwalimu atakayetaka kuwafundisha wanafunzi kuandika daftari la maabara hatapata mfano mzuri kuliko huu: hapana kuandika baadaye kwa kukumbuka, wala hapana kufuta.

Karatasi za matayarisho ya safari hutunzwa miezi 3, na vivyo hivyo hesabu za mafuta na oili. Saa za kazi na za mapumziko za kila rubani huandikwa, maana uchovu hauonekani kwa macho, bali hujumlishwa. Kumbukumbu za matengenezo hukaa muda mrefu zaidi: saa zote ambazo ndege na vipuri vyake vikuu vimetumika hutunzwa hadi siku 90 baada ya chombo hicho kuondolewa kazini moja kwa moja. Kwa hiyo ndege iliyokwisha kufa huacha wasifu wake nyuma yake kwa miezi 3. Kadhalika kuna vinasa-safari viwili vijulikanavyo kama visanduku vyeusi, ingawa rangi yake ni ya machungwa. Kimoja huhifadhi vipimo vya ndege vya saa 25 za mwisho, na kingine sauti za chumba cha marubani.

Lakini kitabu kilichohusika zaidi na mkasa wa Gimli ni kile cha hali ya ndege. Humo rubani huandika kila kasoro aliyoiona, na fundi huandika alichokitenda. Huenda sambamba na orodha ya vifaa, ambayo hueleza ni kipi chaweza kuwa kibovu na ndege ikaruka, kwa masharti gani, na kipi kikiharibika ndege isiondoke kabisa. Orodha hii huwaondolea mafundi na marubani mzigo wa kubishana saa ya kuondoka, wakati abiria wamekwisha kukaa vitini.

Hesabu ya Montreal

Boeing ile ilikuwa na chombo cha kukokotoa kiasi cha mafuta, chenye mikondo miwili ya umeme. Mkondo wa pili ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilizizima geji zote za mafuta. Fundi mmoja huko Edmonton aligundua kwamba akivuta swichi na kuukata mkondo wa pili, geji hufanya kazi kwa mkondo wa kwanza. Alifanya hivyo, akaweka alama kwenye swichi, akaandika kitabuni. Ndege ikaruka hivyo kwa usalama hadi Montreal.

Maandishi ya kitabuni yalieleza kwamba geji zimekutwa hazioneshi kitu na kwamba swichi imevutwa. Hayakueleza wazi kwamba kuvutwa kwa swichi ndiko kulikoziponya geji. Huko Montreal fundi mwingine aliirudisha swichi ili apime, geji zikazimika. Kabla hajaivuta tena akaitwa kwenye kazi nyingine. Pearson alipoingia alikuta geji zimezimika na alama ingali inaning'inia. Katika mazungumzo na rubani aliyeileta ndege alikuwa amefahamu, kimakosa, kwamba imekuwa ikiruka hivyo tangu siku iliyotangulia. Kitabu hakikumkanusha. Orodha ya vifaa ilikataza ndege kuondoka katika hali hiyo, lakini Pearson aliamini kwamba mafundi walikwisha kuiidhinisha.

Ikabidi mafuta yapimwe kwa vijiti vilivyo chini ya matangi. Vijiti hutoa jibu ambalo hugeuzwa kuwa lita, na hapo ndipo fizikia inapoingia. Lita ni ujazo, nao hubadilika kwa joto. Nishati ya mafuta na uzito wa ndege hufuata tungamo, kwa hiyo safari hupangwa kwa kilo. Ili kupata kilo, lita huzidishwa kwa msongamano, ambao siku hiyo ulikuwa kilo 0.803 kwa lita. Lakini hati ya gari la mafuta iliandikwa 1.77, ambayo ni idadi ya ratili katika lita moja. Ndege nyingine zote za shirika zilihesabiwa kwa ratili. Boeing 767 ndizo zilizokuwa za kwanza kuhesabiwa kwa kilo. Mwanafunzi aweza kuhakikisha mwenyewe.

Kilichohitajika: kilo 22,300. Kilichokuwamo: lita 7,682.
Walivyohesabu: 7,682 × 1.77 = 13,597. Pungufu, 8,703 ÷ 1.77 = lita 4,917 za kuongeza.
Ilivyopasa: 7,682 × 0.803 = 6,169. Pungufu, 16,131 ÷ 0.803 = lita 20,088 za kuongeza.

Ndege ikaondoka na kilo zisizozidi sana 10,100. Huko Ottawa mafuta yalipimwa upya, jambo la kusifiwa. Lakini yalizidishwa kwa 1.77 ile ile, na kosa likathibitishwa badala ya kufichuliwa. Kompyuta ya ndege nayo ililishwa tarakimu ya kilo 22,300 kwa mkono, ikawa inatoa kwa uaminifu mafuta yaliyotumika kutoka katika akiba ambayo haikuwapo. Marubani walipoitazama, ilionesha kwamba mafuta ni tele.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji George Lockwood haikutosheka na kuwalaumu waliokosea kuzidisha. Ilitazama nyuma zaidi, kwenye usimamizi wenyewe. Katika ndege za zamani alikuwapo mhandisi wa tatu katika chumba cha marubani, na hesabu ya mafuta ilikuwa juu yake. Boeing 767 iliundwa kwa ajili ya marubani wawili tu. Shirika lilipomwondoa mhandisi, halikutamka wazi ni nani achukue hesabu hiyo geji zinapokufa. Marubani walidhani ni kazi ya mafundi. Mafundi hawakuwa wamefundishwa ipasavyo kuifanya kwa kilo. Kila mmoja aliitazama hesabu, wala hapana aliyekuwa nayo kama mali yake.

Jambo hili lastahili kufikiriwa na wale wanaodhani kwamba kazi ya karatasi ni ya makarani. Tarakimu 1.77 haikuwa ya uongo. Ilikuwa sahihi kabisa kwa ndege nyingine. Kilichokosekana ni neno moja pembeni yake la kusema kama ni kilo au ratili. Walimu wa fizikia hukata alama kwa jibu lisilo na kizio, na wanafunzi hunung'unika.

Ndege yenyewe ilitengenezwa pale pale Gimli kiasi cha kuweza kuruka, ikaondoka baada ya siku mbili. Baada ya matengenezo kamili ilirudi kubeba abiria, ikaendelea na kazi hiyo hadi Januari 2008.