Kabla ya kugusa michoro, pima joto

Gemu ikianza vizuri halafu ikalegea baada ya robo saa, usikimbilie menyu ya michoro. Shika kwanza tumbo la laptopu. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, hewa ya mchana Tanga hufika nyuzi 32 hivi, na feni ya kompyuta haina hewa nyingine ya kuvuta isipokuwa hiyo hiyo. Joto la prosesa hujengwa juu ya joto la chumba. Mashine inayotulia kwenye nyuzi 85 katika chumba cha nyuzi 20, ikiletwa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye chumba cha nyuzi 32, kwa hesabu ya haraka itakaribia 97. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa ukomo wa nyuzi 100 hivi, na zikiukaribia hujipunguzia kasi zenyewe zisije zikaungua. Hapo ndipo gari lako ndani ya gemu linapoanza kukwamakwama katikati ya mji.

Mfano wangu ni Grand Theft Auto V (GTA V), iliyoingia kwenye kompyuta Aprili 2015. Tangu Machi 2025 ina matoleo mawili. Lile jipya, Enhanced, sahau kama unatumia laptopu ya mtumba ya ofisini. Lile la zamani, Legacy, ndilo linaloweza kuchezeka kwenye Latitude, EliteBook na ThinkPad zisizo na kadi ya michoro ya peke yake.

Gemu ya dunia wazi haifanani na ya mpira. Uwanja wa mpira hupakiwa mara moja, basi. Ramani ya GTA V ni kubwa mno kuingia yote kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kadiri unavyoendesha, diski inaleta mitaa iliyo mbele na ya nyuma inatupwa. Wakati huohuo prosesa inapiga hesabu za kila gari na kila mpita njia, na kadi ya michoro, hata ile iliyo ndani ya prosesa, inachora. Barabara ikitokea na ukungu, au nyumba zikichelewa kusimama unapokwenda kasi, tazama diski na ramu. Ukikwama mjini penye watu wengi, mtuhumiwa ni prosesa: punguza msongamano wa watu na umbali wa kuona. Ukikwama porini, kwenye majani na vivuli, ni kadi.

Kuna jaribio la dakika mbili la kuondoa ubishi. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchora zinashuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, hata ukizima vivuli vyote hutapata kitu cha maana, maana anayechelewesha ni prosesa.

Kama ni kadi, zima MSAA, njia nzito ya kulainisha kingo, na uwashe FXAA, inayofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo sana. Kisha teremsha nyasi. Mstari huo mmoja unaweza kula fremu nyingi ukiwa mashambani huku mjini usiuhisi kabisa, ndiyo maana vijana wanaojaribu gemu mjini tu huuacha juu. Vivuli vifuate. Lakini ubora wa sura za kuta na nguo, ambao wengi hukimbilia kuushusha kwanza, hula zaidi kumbukumbu ya kadi kuliko nguvu yake. Menyu yenyewe inaonyesha mstari wa kumbukumbu iliyotumika. Usipovuka ukomo wake, hakuna sababu ya kucheza na kuta zilizofifia.

Mpangilio ninaouthamini kuliko yote kwa pwani yetu, hata hivyo, ni kuzuia idadi ya fremu. Fremu 60 kwa sekunde zinaipa mashine milisekunde 16.7 kumaliza kila picha. 30 zinaipa 33.3. Kwenye kioo cha hezi 60, weka VSync, inayolinganisha fremu na kioo, kwenye nusu, nayo itasimama kwenye 30. Mashine inapata pumziko katikati ya picha na picha, joto linashuka, kasi haianguki. Mbishi atasema 30 ni chache. Kwa jicho langu, 30 zisizoyumba zinapendeza kuliko 50 zinazoporomoka hadi 18 kila ukikunja kona.

Umeme ukikatika ukaendelea kwa betri, usishangae fremu zikishuka: laptopu nyingi hubana nguvu zenyewe zikichomolewa. Na usicheze ukiwa umeiweka juu ya godoro, kwa kuwa matundu ya hewa mara nyingi yako chini.

Kadi iliyo ndani ya prosesa hukopa ramu ya mashine. Laptopu nyingi za mtumba huja na kipande kimoja tu cha ramu huku nafasi ya pili ikiwa tupu. Kujaza nafasi hiyo kunafungua njia ya pili ya data, na mara nyingi gemu inanufaika sana. Gharama yake ni ndogo kuliko kubadilisha laptopu.

Kwa hiyo fundi akikushauri ununue mashine nyingine, mwombe kwanza aifungue hiyo uliyonayo, asafishe feni na kubadilisha grisi ya prosesa, kisha akuonyeshe kipimo cha joto gemu ikiwa imekwenda nusu saa. Akikataa kupima, tafuta fundi mwingine.